Kushika Waya

Saa mbili asubuhi, Alhamisi, katikati ya Agosti,
mvua ya bonde la Rhymney ikinyesha kana kwamba haijaambiwa ni kiangazi,
Gethin alifungua simu mezani, kati ya siagi na bili ya gesi,
akasoma kimya.
Kisha akailaza simu kifudifudi.

Baiolojia B. Hisabati C. Kemia D.
Kule Bristol walitaka A, na A, na B.

Mama ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwanda cha mikate,
unga bado kwenye nyusi.
Hakuuliza. Alivuta droo, akatoa kisu,
akaanza kuikwangua keki
aliyoileta Bi Prosser wa jirani jana yake, mapema mno,
imeandikwa kwa sukari ya buluu: MFAMASIA WETU.
Alikwangua MFAMASIA.
Akaacha WETU.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na kazi moja tu,
kushika waya wa chaja.
Ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, kwa nje mzima,
usipoukunja vile, kwa pembe ileile, chini ya kidole gumba,
simu inazimika.
Basi nikachuchumaa chini ya swichi
na kusikia yote.

Nafasi zilizobaki ni kama viatu vya mwisho wa msimu:
vipo, bei nafuu, ila si saizi yako.
Chuo cha kwanza, muziki kwa dakika arobaini,
halafu sauti: tumejaza, pole, jaribu kwingine.
Cha pili wakamuuliza alama, akazitaja,
nikausikia ukimya wa mtu anayeandika kitu kifupi.
Cha tatu, Kemia ngapi?
Cha nne, Kemia ngapi?
Kila mara aliitamka ile D kwa udogo zaidi
hadi ikawa pumzi tu.

Cha tano alikosea, akabonyeza tatu badala ya mbili.
Mwanamke akapokea, lafudhi ya Uskoti,
akasema hapa ni Idara ya Udongo.
Gethin akaomba radhi, akataka kukata.
Unatoka wapi, kijana?
Akamtajia.
Na nyuma ya nyumba yenu kuna nini?

Nilimwona kaka yangu akigeukia dirisha.
Kuna kilima, alisema.
Si kilima. Ni mabaki ya mgodi wa makaa,
waliyamwaga pale miaka na miaka, kisha wakayavika nyasi
ili yaonekane yalizaliwa hapo.
Mvua ikizidi, babu yetu hulala na viatu.
Kwa nini?
Kwa sababu kinatembea.

Akaanza kueleza vigingi alivyopigilia akiwa na miaka kumi na miwili,
kamba aliyoipima kila Jumapili,
sentimita mbili katika kipupwe kimoja,
na maji yanayotokea chini yake, rangi ya kutu,
ambayo hata mbwa wa Bi Prosser hayanywi.
Yote yamo kwenye daftari, alisema.
Sikujua ana daftari.
Mama naye hakujua. Kisu kilisimama.

Yule mwanamke hakumpongeza.
Alisema: subiri, nifunge mlango.

Dakika ishirini na sita. Betri asilimia nne.
Kidole kilikufa ganzi, sikukiondoa.

Sitasema alifurahi.
Usiku nilimsikia bafuni, bomba limeachwa wazi makusudi,
akililia koti jeupe ambalo hakuwahi kulivaa.
Septemba alinunua chaja mpya, akaniachia ile mbovu,
na hadi leo gumba langu linaikumbuka pembe.

Babu Emrys alipoambiwa, alikaa kitambo.
Miaka minne, akasema, anasomea matope?
Akatazama nje.
Haya. Mwambieni aanze na haya yetu.
Kisha akajikatia keki, upande wenye W.